Mashine ya Papa na Sikio Langu la Kushoto

Juzi fundi alikuja kwangu hapa Goma kufunga kamba mpya ya kuanikia nguo. Alipomaliza alitoa kiberiti, akachoma ncha ya ile kamba ya nailoni ili isifumuke, na moshi mdogo ukapanda. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa maharage mkononi. Harufu ile iliponifikia puani, kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeweka ungo chini na kupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, natafuta sikio langu la kushoto. Fundi aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama atalipwa kazi yake. Sikumweleza kitu. Lakini ninyi wa rika langu, mliokulia milimani miaka ile ya kukimbia na kurudi, ninyi mtanielewa bila shida.

Si mnakumbuka tulivyopimwa ili tuingie shule? Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya watu wengine. Vya kwetu viliungua pamoja na nyumba, kama viliwahi kuwepo, na wazazi walikumbuka tu kwamba huyu alizaliwa wakati wa kuvuna maharage na yule alizaliwa mvua ikiwa imebomoa daraja. Basi kipimo kilikuwa mwili wako mwenyewe. Unasimama wima mbele ya direkteri wa shule, unapitisha mkono juu ya utosi, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, umeiva. Visipogusa, rudi nyumbani, kula, uje mwaka ujao.

Mimi nilikuwa nimesharudishwa mara moja. Vidole vyangu viliishia ndani ya nywele, mbali na sikio, nikavuta shingo, nikapinda kichwa kama kuku anayesikiliza, direkteri akanyoosha kichwa changu kwa vidole viwili na kusema, "Mudogo wangu, bado." Nililia kutoka shuleni hadi nyumbani. Nilikuwa mfupi, na niseme mapema kwamba mfupi nimebaki. Wanangu wote wamenipita, hata yule wa mwisho ambaye bado analala na taa.

Tulikuwa wageni Kashebere. Kwetu ni Karuba, juu, kwenye baridi, kwenye majani na ng'ombe na ukungu usiotaka kuondoka asubuhi. Tulishuka vita ilipopanda huko, na Kashebere tulikuta joto, barabara ya udongo mwekundu iliyojaa watu wenye mizigo, na msitu unaoanzia nyuma ya vyoo. Tulikuja na sufuria mbili, mikeka, kaka yangu Bahati, mimi, na mbuzi jike wa Mama. Mbuzi yule alitembea njia yote kwa miguu yake bila kulalamika, jambo ambalo mimi sikulifanya. Mama alikuwa ameshampangia kazi: siku nitakapokubaliwa shuleni, mbuzi atauzwa, nishonewe uniform, sketi ya bluu na shati nyeupe. Bila uniform hata ukigusa masikio yote mawili kwa pamoja hukuingia.

Na Mama alikuwa na haraka. Mwaka ule shule ilikuwa imefunguliwa baada ya kufungwa muda mrefu, askari walikuwa wameondoka madarasani, na baadhi ya madawati yalikuwa yamerudi, mengine yaliliwa na moto wa kupikia. Mama alisema mbele yetu, bila kuficha, "Vita ikirudia, masomo inaisha. Huyu mutoto ataingia hii mwaka ao hataingia tena." Nilimsikia vizuri. Sikujua vita ni nini hasa zaidi ya kulala chini ya kitanda na kukimbia na mikeka, lakini nilijua kwamba kati ya mimi na maisha yangu yote kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu, kutoka mwisho wa mkono wangu hadi kwenye sikio.

Sasa, mashine. Katika soko la Kashebere kulikuwa na duka la Papa Kasereka, mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu mnene, mchangamfu, mwenye rozari shingoni na kalamu nyuma ya sikio. Alileta chumvi, sabuni, betri, nguo, akanunua maharage kwa wakulima. Safari moja alirudi kutoka Goma na chuma cha ajabu alichokipata katika mzigo wa vitu chakavu: kisahani cha duara kinachozunguka, koleo ndogo mbili, na juu yake mkono mrefu wa chuma wenye namba zilizochorwa, pamoja na jiwe la chuma linaloteleza juu ya zile namba. Mtu wa Kashebere akiona mkono wa chuma wenye namba na uzito unaoteleza, anaona kitu kimoja tu. Mizani. Huko kila mnunuzi alikuwa na mizani yake, ya maharage au ya mawe ya machimbo, na watu waliishi na kugombana kwa mizani.

Papa Kasereka aliiweka mbele ya duka, akatundika mfuko wa maharage wa mama mmoja. Mkono ukaanguka pwaa. Akasogeza jiwe. Ukaanguka tena. Akapunguza maharage mpaka ikabaki konzi moja, mkono ukalala vilevile, umelegea. Wale mama wa sokoni hawakuhitaji kuona zaidi.

"Papa Kasereka, hii mizani yako iko mwizi!"

"Mama, hapana, iko mupya ku mikono yangu, bado tunajuana."

"Mujuane na maharage yako mwenyewe!"

Kwa siku kadhaa wakulima walipita duka lake wakaenda kuuza kwingine. Aliificha ile mashine nyuma ya magunia, na mtu akiitaja alifanya ishara ya msalaba.

Papa yangu ndiye aliyeitambua. Papa alikuwa mrefu, mkimya, na tangu tushuke kutoka Karuba ukimya wake ulikuwa umezidi. Kazi yake Kashebere ilikuwa kubeba mizigo ya watu kwa chukudu ya kuazima, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, na jioni alikaa mlangoni akiangalia mikono yake. Lakini utotoni mwake, kwenye shamba moja la Wazungu wa zamani karibu na kwetu, kulikuwa na kiwanja cha tenisi, na yeye aliokota mipira. Baadaye akafundishwa kufunga nyuzi za raketi, kwanza kwa mkono na msumari, kisha kwa mashine. Wazungu waliondoka, kiwanja kikawa malisho ya ng'ombe, na Papa akawa mkulima kama baba yake. Siku ile alipoingia dukani kupeleka gunia na kuona kile chuma nyuma ya magunia, alisimama. Bahati alikuwepo, na ndiye aliyetuhadithia: Papa aliugusa ule mkono wa chuma, akacheka. Sisi tulikuwa hatujamsikia akicheka tangu Karuba.

Aliporudi nyumbani jioni, mbuzi hakuwepo, na chukudu ilikuwa imebeba mashine.

Mama alitoka jikoni. Aliangalia chukudu, akaangalia kamba iliyobaki kwenye mti pale mbuzi alipokuwa anafungwa, akaangalia tena chukudu.

"Baba Bahati. Mbuzi yangu iko wapi?"

"Nimebadilishana na Papa Kasereka."

"Na ile mizani ya wizi?"

"Haiko mizani. Iko mashine ya kufunga nyuzi za raketi."

"Raketi?" Mama aliuliza polepole sana. "Weye muntu, tutakula raketi? Mutoto atavaa raketi kuenda ku masomo?"

Papa akamweleza. Shuleni kulikuwa na sanduku la raketi lililotumwa na watu wa mbali kwa ajili ya watoto, lakini nyuzi zote zilikuwa zimeoza na kukatika. Direkteri alipenda mchezo ule kupita kiasi. Alikuwa amechora kiwanja kwa majivu, akafunga chandarua kuukuu katikati, akakosa cha kuchezea. Papa alikuwa ameshaongea naye. Kama raketi zitapona, direkteri atatoa kitambaa cha uniform, kile alichopewa kwa ajili ya shule. Kisha Papa akasema maneno yaliyoniingia mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mlango: "Mama Bahati, ngoja uone. Hii mashine njo itaingiza mutoto ku masomo. Inavuta polepole, inavuta, mupaka inafika pahali inatakiwa."

Mama alirudi jikoni bila neno, na sufuria zilisema kwa niaba yake. Mimi nilibaki nyuma ya mlango. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Papa alikuwa ametoa mbuzi ili anunue mashine ya kuvuta mkono wangu.

Ninyi msinicheke. Niliona koleo mbili za kubana, nikaona mkono wa chuma unaoshuka taratibu kwa uzito wake, nikamsikia baba yangu akisema inavuta mpaka inafika. Ni mtoto gani asingeelewa hivyo? Nilimpenda Papa usiku kucha. Niliogopa pia, kwa kuwa sikujua kama inauma, lakini niliamua nitavumilia.

Siku zilizofuata nilingoja kuitwa. Badala yake Papa alikuwa na raketi ya direkteri mwenyewe, ya mbao, anayoipenda kama mtoto wake. Aligeuza kinu cha Mama, akaifunga mashine juu yake. Nilidhani anafanya mazoezi kabla ya kunigeukia mimi. Uzi ulikuwa wa nailoni, ule mnene wa kuvulia samaki, Papa Kasereka aliuleta kutoka Goma na kuutoa bure, kwa furaha ya kuondokewa na mkosi. Papa alipitisha uzi kwenye tundu, akaufunga kwenye mkono wa chuma, akaachia. Mkono ukashuka, safari hii polepole, ukasimama umelala sawasawa. Uzi ukalia tii. Papa akaubana kwa koleo, akaendelea na mwingine. Alikuwa katikati ya kazi, jasho linamtoka, tukasikia mlio kama kuni kavu ikivunjwa. Raketi ya direkteri ilikuwa imepasuka shingoni.

Mama alikuwa anachambua mboga. Aliinua macho, akayarudisha kwenye mboga. Nadhani ule ukimya ulimuumiza Papa kuliko maneno yote ambayo angeweza kumwambia.

Direkteri alipoletewa vipande alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Papa Bahati," alisema, "hii raketi nilikuya nayo ku ndoa yangu." Papa aliomba msamaha akiwa ameinamisha kichwa, mtu mzima vile. Direkteri akasema zile za kwenye sanduku bado zipo, ajaribu, lakini ikivunjika nyingine basi, kitambaa kitaenda kwa mtoto mwingine. Nilikuwa nimeshika suruali ya Papa.

Hapo ndipo Papa alipoanza kuitengeneza ile mashine upya. Shida, alisema, ni kwamba ilishika raketi mahali pawili tu, juu na chini, kwa hiyo nyuzi zikivuta, mbao inakosa wa kuishika mbavuni. Alikata mti wa kalitusi, akachonga vishikizo vya mbao na kuvipanga kuzunguka kisahani chote, akavivika vipande vya raba kutoka viatu vilivyokufa ili visikwaruze. Koleo zilikuwa zimelika meno, zinateleza, basi akazitia ndani raba za breki ya baiskeli. Akapaka mafuta ya mawese kwenye ekseli, kisahani kikazunguka bila kulia. Kazi ile ilimchukua jioni za wiki nzima, na alikuwa anaimba kwa sauti ya chini nyimbo za kwetu za kilimo. Mama alipita akamwangalia. Siku moja aliweka kikombe cha chai kando yake, akaenda. Tangu siku ile nilijua kwamba mbuzi amesamehewa nusu.

Mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Asubuhi moja Papa aliingia ndani kutafuta kisu, nikapanda juu ya gogo, nikaweka mkono wangu wa kulia kwenye kile kisahani, kiganja katikati ya vishikizo vyote vipya, nikajifunga uzi kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa najaribu kuufikia mkono wa chuma nikiwa nimefumba macho, tayari kwa maumivu, Papa alipotoka.

"Uko nafanya nini?"

"Niko navuta mukono. Ifike ku sikio."

Papa hakucheka. Hilo ndilo ninalomshukuru mpaka leo kuliko sketi na shati. Aliniangalia, akaangalia mashine, nikaona maana inamjia usoni kidogo kidogo. Alifungua uzi kwenye kifundo changu kwa uangalifu, kama anafungua kitu cha thamani. "Haivutake vile," alisema. "Ya muntu iko na namna yake. Weye utafanya kazi pamoja na mi. Utainua uzi juu, juu sana, unipatie. Kila uzi, unavuta mukono yako mupaka mwisho. Pole pole itafika."

Basi nikawa mtu wa kuinua uzi. Papa alisimama, nami juu ya gogo nilinyoosha mkono kadiri nilivyoweza kumpa ncha, na ncha ikiwa imefumuka aliichoma kwa kaa la moto, ndiyo ile harufu. Kila jioni nilijipima mbele ya Bahati.

"Bado," alisema Bahati, akiwa na furaha mbaya ya kaka. "Utaolewa bado uko ku mulango ya masomo."

Lakini mimi niliona vidole vinasogea. Raketi ya kwanza ya sanduku ilikamilika bila kupasuka. Papa aliipiga kwa kiganja, nyuzi zikalia zote kwa sauti moja, naye akampelekea Mama jikoni asikilize. Mama aliipiga kwa mwiko. "Iko nalia muzuri," alisema, na tukajua mbuzi amesamehewa yote.

Direkteri alipata raketi zake. Watoto walicheza kwenye kiwanja cha majivu, mipira ikipotelea msituni, manesi wa zahanati wakaja jioni, na siku zilizo tulivu ungesikia pok, pok, kutoka barabarani, mpaka madereva wa malori waliteremka kuuliza ni nini. Kitambaa kilikuja. Mama akakipeleka kushonwa, na uniform ikatundikwa ukutani, mimi nikiiangalia kila nikiamka. Kilichobaki kilikuwa sikio.

Asubuhi ya kupimwa Mama aliniamsha mapema, akanikalisha kati ya magoti yake. Nilikuwa na nywele nyingi, na Mama alizisuka kwa uzi mweusi zikasimama juu kama miche ya vitunguu. Zilikuwa fahari yake, watu walimsimamisha sokoni kuzisifia. Siku ile alizifumua zote, akatoa wembe. "Masomo haitaki nywele," alisema. "Nyamaza, usicheze kichwa." Aliosha upara wangu kwa maji ya vuguvugu, akaupaka mafuta. Nilihisi upepo mahali ambapo sikuwahi kuuhisi.

Tulikwenda wote, hata Bahati. Direkteri aliketi kwenye kiti chake uani, watoto wamepanga foleni. Zamu yangu ilipofika aliangalia kichwa changu kinachong'aa, akamwangalia Mama, akarekebisha miwani. "Inua mukono." Niliinua. Niliufikiria ule mkono wa chuma, nikauvuta wangu polepole, ukapita utosini, ukateleza kwenye mafuta, na ncha za vidole vyangu zikagusa kitu laini na baridi. Sikio. Langu mwenyewe, la kushoto. Nilipiga kelele, "Papa! Mashine imefika!"

Watu walicheka uani kote. Papa hakuweza kucheka. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, mtu mrefu vile, machozi yanamtiririka mbele ya watu, na hakuyafuta. Kuanzia siku ile hakukaa tena mlangoni akiangalia mikono yake.

Nilisoma. Vita ilirudi, kama Mama alivyosema, tulikimbia tena na shule ikafungwa tena, lakini nilikuwa nimeshajua kusoma, na hilo hakuna aliyeweza kulichoma. Mashine ilibaki na direkteri. Papa amefariki uzeeni, kitandani kwake, akiwa bado anawahadithia wajukuu kwamba aliwahi kununua chuma kilichorefusha mtoto.

Mama anaishi nami sasa. Nywele zake zimekuwa nyepesi na nyeupe, na mimi ndiye ninayemnyoa. Siku ile ya fundi wa kamba, nikiwa bado nina ile harufu puani, nilimkalisha kati ya magoti yangu, nikamkumbusha mashine ya Papa na mkono wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Weye mutoto," alisema. "Weye na masomo yako yote. Ile siku nani alikunyoa?"

Nilishikilia wembe hewani. Nywele zile zilizosimama kama miche ya vitunguu. Vidole vitatu.

"Mama! Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Baba yako alitoa mbuzi yangu, alivunja raketi ya muntu, soko muzima inamucheka. Halafu unapiga kelele Papa, mashine imefika, na anasimama pale analia juu ya furaha. Niseme, hapana, ni wembe?" Alipangusa nywele zilizoangukia begani. "Iache vile. Ilikuwa mashine."

Nilimalizia kumnyoa. Nilimpaka mafuta. Naye, bibi yule, akainua mkono wake uliokunjamana, akaupitisha polepole juu ya kichwa chake kinachong'aa, akashika sikio lake, akalivuta kidogo. "Ona," alisema, "na mi naweza ingia masomo."